Aili Kangas, Mpimaji wa Makondo

Kabla mtoto hajamjua mama yake kwa sura, huwa ameshalelewa miezi tisa na mlezi mwingine ambaye hakuna anayempiga picha. Hapa Port Halloran, mji wa kando ya Ziwa Superior, mlezi huyo aliteremshwa kwetu, ghorofa ya chini ya hospitali, ndani ya ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko. Na aliyempokea, kwa miaka thelathini na moja, ni Aili Kangas.

Nilifanya naye kazi miaka saba ya mwisho. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza ya chuma yenye bomba la maji, mizani, ubao wa kukatia, mkasi, kisu kirefu, friji mbili, na redio ambayo Aili aliifungua asubuhi kusikiliza hali ya hewa kisha akaizima, kana kwamba habari nyingine zote za dunia zingemchafulia meza.

“Juu wanampokea mtoto,” aliniambia siku yangu ya kwanza. “Sisi tunampokea aliyemlea. Wao wanaletewa maua, sisi tunaletewa ndoo. Ukitaka maua, ngazi ile pale, bado mapema.”

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimetoka kiwanda cha karatasi kilichofungwa, nikasomea kazi ya maabara ukubwani. Mikono yangu ilizoea vitu vizito. Kondo la nyuma la kwanza nililolishika lilikuwa jepesi kuliko glavu zangu za kiwandani, na bado nililishika kwa mikono miwili, mbali na mwili.

“Usiliogope, Dario,” akasema. “Limeshamaliza kazi yake. Lisalimie.”

Alikuwa na desturi hiyo. Kila ndoo aliyoifungua aliisemesha kwa Kifini, maneno matatu au manne, sauti ya mtu anayemfungulia mgeni mlango. Baadaye nilimuuliza maana yake. Akasema, “Namwambia: umechoka, sasa keti.”

Mtu ambaye hajawahi kuliona kondo hulidhania kuwa takataka ya damu. Aili alinifundisha kuliona. Upande wa mtoto ni laini, unang’aa, na mishipa yake imetapakaa kutoka kwenye kiungamwana, uzi ule mnene wa kitovu, kama mti wa majira ya baridi uliobaki matawi matupu. Upande wa mama ni mwekundu wa kiza, una vifungu vifungu. Upande wa kwanza huandika hadithi, alisema, na upande wa pili huilipia.

Halafu akanifundisha kupima. Kata utando wa chupa ya uzazi kuzunguka ukingo. Kata kiungamwana ukiacha upana wa vidole viwili. Ondoa mabonge ya damu kwa sifongo. Ndipo uweke kwenye mizani.

“Mizani haina akili,” alisema. “Ukiipa damu itapima damu. Ukiipa uzi itapima uzi. Akili ni wewe.”

Kuhusu uzito huo alikuwa na subira ya ajabu. Alisoma kila kilichoandikwa, akakunja kurasa, akazipanga kwenye makopo ya kahawa. Alichokielewa alinieleza kwa lugha ya jikoni, kwa sababu hakuiamini elimu inayokataa kuingia jikoni. Kondo, alisema, ndilo jiko la mtoto. Jiko likiwa dogo au moto wake ukififia, mtoto hafi njaa mara moja, anajifunza ubahili. Chakula kichache kinakwenda kwanza kwenye ubongo, kisha moyo. Ini, figo na kongosho vinagawana makombo. Mwili unaumbika ukiamini kwamba dunia inayoungoja ni ya ukame. Kisha mtoto anazaliwa, anakuta meza imejaa, na mwili ule bahili unaweka akiba kila tone la sukari na kila punje ya mafuta. Miaka inapita. Siku moja anaambiwa ana kisukari, ana presha, moyo umechoka, na hakuna anayekumbuka kuuliza jiko lake la kwanza lilikuwaje.

“Si wote,” aliongeza kila mara. “Usimtishe mtu. Ni mwelekeo wa njia, si hukumu. Lakini njia ukiijua mapema, unavaa viatu.”

Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Hakula tamu. Mkate wa kusuka wa iliki, ule Wafini wa mji wetu wanaounywea kahawa, aliuoka kila Alhamisi akatuletea sote, na yeye akala ule mweusi wa nafaka ya rai. Na bado kila saa sita alijitoboa kidole, akatazama namba, akashika sindano. Kisukari kilimpata akiwa na miaka thelathini na tisa.

Alizaliwa Januari ya mwaka arobaini na saba kwenye sauna ya kambi ya wakata miti, kibanda cha kuogea kwa mvuke, mahali safi na penye joto kuliko pote kambini. Mama yake alikuwa mpishi pale. Walimpima kwenye mizani ya unga: kilo moja na robo tatu. Baba akalizika kondo kando ya ukuta wa sauna, maana ndipo mahali pekee ambapo ardhi haikuganda. Hakuna aliyeliangalia. Mama yule aliishi hadi miaka themanini na moja akirudia sentensi moja: “Niliwalisha wanaume arobaini, nikashindwa kumlisha mmoja tumboni.” Aliirudia hata siku ambayo hakuweza tena kukumbuka jina la mumewe.

Nadhani Aili alikuja kufanya kazi ile ili aitafute sentensi hiyo, aikute, aifute. Hakuwahi kusema hivyo. Mimi ndiye ninayesema.

Sasa nieleze juu ya lebo ya kijani, maana kosa langu lilizaliwa hapo.

Watu wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wanaoishi kandokando ya Ziwa Superior, na wale wa kaskazini zaidi, wengi wao hulirudisha kondo ardhini. Zamani hospitali ililitumbukiza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia viungo, kisha ikalichoma pamoja na taka. Likishaingia fomalini haliwezi kuzikwa, ni sumu. Aili ndiye aliyegombana na ofisi miaka minne hadi ikapatikana karatasi ya ombi na lebo ya kijani. Lenye lebo hiyo halikutiwa dawa, halikukatwa. Lilitazamwa, likapimwa, likawekwa kwenye friji ya pili, ya wanaorudi nyumbani. “Linarudi kama lilivyokuja,” aliagiza. “Usiligeuze nyama ya buchani.”

Februari ya mwaka elfu mbili na tisa, siku ya Jumatatu, ililetwa ndoo yenye lebo ya kijani na jina la Janelle Sakanee. Aili alikuwa mapumziko. Nililisalimia kwa Kiitaliano, lugha ya nyumbani kwetu, kwa kuwa Kifini changu ni cha kuchekesha. Sikulikata. Nililiweka kwenye mizani lilivyokuja, na utando wake, na uzi wake, na damu iliyoganda mgongoni. Gramu mia nne na kumi na nane. Karatasi yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya uzito. Nikaandika humo, nikaangalia jedwali la mimba ya wiki thelathini na nane, nikaweka alama: kawaida. Kisha nikala mkate wangu.

Jumatano Daktari Petrosyan alishuka. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma vioo vyetu vya darubini na kutia sahihi ripoti zetu, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

“Hili la Sakanee,” akasema. “Hakuna kingine mlichokiona?”

“Kuna nini?” Aili akauliza.

“Mtoto ametimiza wiki zake, ana kilo mbili na gramu hamsini. Msichana. Mama alifika kliniki mara mbili tu. Ustawi wa watoto wamefungua jalada. Wanasema kama kondo ni zima, basi uzito wa mtoto umekwenda wapi? Ama mama hakula, ama alikunywa pombe. Ijumaa saa nane kuna kikao. Wanaweza kumpeleka mtoto kwa walezi.”

Aili akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma. Akavua miwani.

“Hizi mia nne na kumi na nane. Ulipima kabla ya kukata au baada?”

“Halikukatwa, Bi Aili. Lina lebo ya kijani.”

Alikaa kwenye kigoda. Nilikuwa sijamwona akikaa kabla ya saa sita.

“Mimi ndiye niliyekufundisha usikate,” akasema polepole. “Sikukufundisha uandike nini usipokata.” Halafu akamgeukia daktari. “Tunayaacha makondo haya mazima kwa heshima, Daktari, na kwa heshima hiyohiyo tunataka kumnyang’anya mtu mtoto.”

“Likate basi,” daktari akasema.

“Si langu.” Akavua aproni. “Dario, nawa mikono. Leo unapanda ngazi.”

Sisi wa chini hatukuwa na desturi ya kwenda wodini. Wauguzi walitutazama kama mafundi bomba waliopotea. Chumba cha Janelle kilikuwa mwisho wa ukumbi. Alikuwa kitandani, miaka ishirini na miwili, mtoto amelala kifuani ngozi kwa ngozi, mdogo, uso wa kikongwe kama watoto wote waliozaliwa bila mafuta. Dirishani alikaa bibi yake, Delia, akishonea shanga viatu vya ngozi vidogo kuliko kidole changu gumba. Hakuinua macho.

“Nani tena?” akasema bibi. “Yule wa ustawi, asubuhi, ameuliza friji yetu ya nyumbani ina nini. Nimempa funguo. Sasa hivi yuko njiani kwenda kuhesabu samaki wangu. Nyie mmekuja kuhesabu nini?”

“Kokum, acha,” Janelle akasema. Ndivyo wanavyowaita bibi zao.

“Mimi natoka chini,” Aili akasema. “Ninatunza makondo.”

Sindano ikasimama. “La huyu liko wapi?”

“Friji ya wanaorudi. Salama. Limesalimiwa.”

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. “Kaa, basi. Na huyo mrefu akae pia, ananizibia mwanga.”

Tukakaa. Aili alisema yote bila kuzunguka: kwamba tulipima vibaya, kwamba karatasi inasema uongo, na kwamba ili iseme kweli lazima kondo likatwe.

“Nilikula,” Janelle akasema, kana kwamba hakusikia mengine. “Nilikula samaki, nikala mchele wa ziwani, nikala mpaka Kokum akaanza kuficha mkate. Kliniki ni kilomita mia na arobaini. Gari la mjomba liliharibika Novemba. Nimewaambia. Wanaandika, lakini ukiangalia kalamu unaona haiandiki ninachosema.”

“Nakuamini, mwanangu. Lakini mimi kukuamini hakutoshi kwenye kikao.”

“Likikatwa,” bibi akasema, “litarudi likiwa nini? Supu?”

“Litarudi vipande, ila vyote. Isipokuwa vinne, kila kimoja kama ukucha. Hivyo vinawekwa kwenye nta, daktari avitazame.”

“Hapana.”

“Dada...”

“Hapana nimesema. Mama yangu alizaa kumi na mmoja. Kondo la kila mmoja limelala zima pale kwetu chini ya misonobari. Hili ni la kwanza kuzaliwa kwenye chumba chenye namba mlangoni, na tayari mnataka vipande.”

Mtoto akalia kidogo, kilio cha paka, Janelle akamgeuza upande wa pili. Aili akangoja. Kisha akasimulia juu ya sauna, juu ya mizani ya unga, juu ya kondo lake lililozikwa zima kando ya ukuta wenye joto.

“Lilizikwa vizuri,” akasema. “Baba alivua kofia. Lakini hakuna aliyelitazama, dada. Na kwa sababu hakuna aliyelitazama, mama yangu alikufa akijilaumu. Miaka hamsini na saba alikula chakula chake na lawama hiyo pembeni ya sahani.”

Bibi Delia alikata uzi kwa meno. “Aliwapikia watu wangapi, ulisema?”

“Arobaini. Wawili kati yao walikula kama wanne.”

“Siku zote wapo wawili.” Akacheka, cheko fupi lililomshangaza mwenyewe, halafu macho yake yakamwendea mjukuu wake kitandani. “Lawama ni ya kwake huyu sasa,” akasema. “Wameanza kumpimia.”

“Kokum, ni langu,” Janelle akasema. “Mimi nimekubali. Wakate.”

“Basi nitakuwepo,” bibi akasema. “Sikai hapa nikisubiri kuletewa kwenye mfuko.”

Ilikuwa mara ya kwanza jamaa wa mtu kuingia chumba chetu. Alikaa kwenye kigoda cha Aili, mkoba magotini. Aili akafungua ndoo, akasema maneno yake.

“Umeliambia nini?”

“Kwamba limechoka, liketi.”

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaongeza yake kwa Kiojibwe. Hakututafsiria na hatukuuliza.

Aili akaligeuza upande wa mtoto juu. Bibi akainama. “Ni mti,” akasema.

“Ni mti. Sasa tazama shina lake.” Kiungamwana hakikuwa katikati. Kilikuwa kimeshika ukingoni kabisa, kama mpini wa kata ya maji. “Hapa ndipo kila kitu kilipopita, pembeni hivi. Matawi ya upande ule yalikuwa na safari ndefu.”

Akakata utando kuzunguka, mkasi ukienda taratibu kama wa fundi nguo. Akakata uzi. Akafuta damu. Kila alichokitoa alikilaza kwenye bakuli safi lenye lebo ya kijani. Kisha akanisukumia mimi lile lililobaki.

“Pima wewe.”

Nilipima. Nikatazama. Nikapima tena. Gramu mia mbili na sabini na moja.

“Sema kwa sauti,” Aili akasema, nikasema. Kalamu ilikuwa mikononi mwangu. Nikaandika.

Halafu akalikata vipande vyembamba, akavipanga juu ya ubao kwa mpangilio wao, ili mtu akitaka avirudishe kama kurasa. Kondo zima huwa jekundu na laini kama sifongo. Hili lilikuwa na mabaka meupe, magumu, moja baada ya jingine, karibu theluthi nzima.

“Hapa palikufa mapema,” Aili akasema, ncha ya kisu ikielea juu bila kugusa. “Hapa palikufa baadaye kidogo. Mishipa ya mama inayoleta damu kwenye kondo ilibana. Chakula kilifika mlangoni, dada, kikakosa pa kuingilia. Hakuna kijiko ambacho mjukuu wako angekiinua kikaufungua mlango huu.”

“Na hapa?” Bibi alionyesha sehemu nyekundu iliyobaki.

“Hapa palifanya kazi ya wote.”

Bibi Delia alitoa kitambaa mkobani, akafuta pua. Baadaye akauliza, “Liliendelea mpaka siku ya mwisho?”

“Mpaka siku ya mwisho. Mtoto yule ni mdogo kwa sababu jiko lilikuwa dogo. Na yuko hai kwa sababu jiko lile halikukubali kuzimika.”

Vile vipande vinne bibi alivichagua pamoja naye. Alitaka jina liandikwe juu ya kila kijisanduku cha nta, si namba peke yake. Kanuni zetu zilitaka namba. Aili akaandika vyote viwili.

Ijumaa saa nane tulikuwa watu saba kwenye chumba chenye meza ndefu. Afisa wa ustawi, Bi Strand, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye majalada mengi. Daktari Petrosyan alisoma ripoti mpya kwa sauti yake ya kutomwamsha mtu: kondo dogo sana kwa wiki zake, kiungamwana ukingoni, theluthi imekufa, vioo vimethibitisha kubana kwa mishipa. Akasema wazi kwamba kondo haliwezi kuapa juu ya kila alichofanya mama. Linachoweza kusema ni kwamba udogo wa mtoto huyu una maelezo ya kutosha bila kumtafutia kosa.

“Ripoti ya Jumatatu ilisema kawaida,” Bi Strand akasema. “Ipi niiamini?”

“Nilikosea mimi,” nikasema. “Nililipima bila kulisafisha.”

“Tulikosea wawili,” Aili akasema.

“Kwa gramu mia moja na arobaini na saba?”

“Ndiyo, Bi Strand. Mtoto mzima anaweza kupotea ndani yake.”

Afisa alifunga jalada, akatoka kupiga simu. Dakika ishirini. Janelle alikuwa na mtoto mikononi na hakumwachia hata bibi. Aili alijitoboa kidole chini ya meza, akaangalia namba, akamega kipande cha mkate wake mweusi.

Bi Strand aliporudi hakuketi. Alisema mtoto atakwenda nyumbani na mama yake, na muuguzi wa vijijini atapita kila wiki kwa miezi mitatu kumpima. Hakuomba radhi. Aliuliza tu kama wana kiti cha mtoto cha garini.

“Ninacho tangu Novemba,” Janelle akasema, na hapo ndipo akalia.

Ukumbini Bibi Delia alikuwa amefufuka. “Nitamnenepesha,” akatangaza. “Krismasi watakapokuja wataomba mtu wa kuwasaidia kumbeba.”

“Hapo ndipo ninapokuomba, dada,” Aili akasema. Akamwonyesha vidole vyake, ncha zote zimejaa alama za sindano. “Mimi nilikuwa kama yeye. Nao walininenepesha haraka, siagi na sukari, kila mtu akishangilia. Mwili wake huyu umejifunza ubahili tumboni. Ukimrushia vingi kwa pupa, utaweka vyote. Titi la mama mpaka achoke. Baadaye samaki wako, nyama ya porini, mchele wa ziwani. Acha akimbie. Na kila mwaka apimwe presha na sukari, hata akiwa mzima kama kengele.”

Bibi alitazama vidole vile, akaviweka sambamba na vyake. Vilifanana. “Mimi nusu ya chakula changu ni vidonge,” akasema. “Na soda?”

“Soda ingoje.”

“Ingoje mpaka lini?”

“Mpaka mimi nife.”

“Basi kula vizuri, wewe mwembamba,” Bibi Delia akasema, “maana una kazi.”

Ardhi kwao huganda mpaka Mei. Kondo lilingoja kwenye friza ya bibi, kati ya samaki, kwenye kopo aliloandika kwa herufi kubwa USIPIKE, kwa sababu ana wana wa kiume. Theluji ilipoyeyuka tulialikwa, Aili nami. Chini ya misonobari Janelle alilaza vile vipande kwa mpangilio wao, na Aili akamsaidia kukumbuka kipi kilikuwa jirani ya kipi. Mtoto, ambaye sasa aliitwa Kiera, alikuwa mgongoni mwa mjomba, ana mashavu ya kiasi.

Kuanzia mwezi huo karatasi zetu zina nafasi mbili za uzito, moja kabla ya kukata, moja baada. Aili alizichora mwenyewe kwa rula.

Alistaafu miaka mitatu baadaye. Kila Februari alipigiwa simu kutoka kaskazini akasomewa namba: urefu, uzito, presha, sukari. Aliziandika nyuma ya kalenda, na nilipomtembelea alinisomea kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

Alifariki Novemba ya mwaka elfu mbili na kumi na saba, akiwa na miaka sabini, moyo. Baada ya mazishi tuliteremka ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa. Kulikuwa na mkate wa kusuka, ambao safari hii tuliuoka sisi na haukuinuka vizuri, na kwenye meza ya watoto, wenzetu wa kanisani walipanga chupa za soda. Bibi Delia alikuwa amekuja na gari la mjomba lilelile, anatembea na mkongojo, mkono mwingine umeshika mkono wa msichana wa miaka minane, mrefu, miguu ya mkimbiaji.

Kiera akasimama mbele ya meza ile. Akazitazama chupa. Hadithi yake aliijua yote. Kwao husimuliwa kila Februari.

“Kokum,” akasema, “si alisema mpaka afe?”

Ukumbi wetu si mkubwa. Watu waligeuka. Bibi Delia aliangalia picha ya Aili pale kwenye kitambaa cheupe, kati ya mishumaa miwili, akaangalia chupa, akamwangalia mtoto.

“Alisema hivyo,” akakiri. “Lakini yule alikuwa mtu wa kupima mara mbili. Mpelekee yeye kwanza maji. Tutamuuliza tena mwakani.”

Msichana akacheka, akachukua gilasi ya maji, akaipeleka akaiweka mbele ya picha, kisha akarudi kujimiminia maji yake.